Miguu ya Chaser: laki tisa, gereji ya chini ya mkorosho, Mtwara

Msimu wa korosho ulipoisha nilibakiwa na laki tisa isiyo na jina. Ada ilishalipwa, bati la jikoni lilishapigwa, mama watoto alishachukua chake. Nikaipa jina mwenyewe kabla hajatokea mtu wa kuipa lingine: miguu ya gari, yaani springi, shokapu na mikono inayoshika matairi.

Gari lenyewe ni Toyota Chaser GX100 ya 1998, nyeupe inayoelekea rangi ya mtindi. Ni ile yenye injini ya 1G, silinda sita kwenye mstari mmoja, lita mbili, inasukuma kwa nyuma. Siyo ndugu yake, ile JZX yenye turbo ambayo vijana wa Chikongola wanaiota usiku. Lakini ukiikanyaga unasikia kwamba huko mbele kuna mnyama, na kwa mshahara wa karani wa chama cha msingi, huyo ndiye mnyama ninayemmudu. Msimu mzima linakwenda na kurudi upande wa Tandahimba, lami mpaka inapoishia, halafu vumbi na makorongo.

Mwezi wa tatu hali ilikuwa hivi: likipita kwenye rasta, vile vituta vidogo vya barabarani, chini kunagonga kama mtu anapiga mlango wa bati. Ukishika breki ukiwa kwenye themanini, usukani unatetemeka mikononi. Na kwenye kona za kushukia Mikindani, mbele kunafika kwanza, mkia unafuata baadaye kidogo. Fundi wa kwanza aliniambia mtetemo ule ni diski, nikazichonga kwa elfu arobaini. Mtetemo ulitulia siku tisa.

Nikiri kwamba mimi kilichokuwa kichwani mwangu ni kulilaza. Nilitaka matairi yaingie ndani ya fenda, gari likae kama paka anayevizia. Kilichoniokoa ni Cresta ya jirani yangu mmoja. Alikata springi zake kwa grainda, mizunguko miwili kila moja, na wiki ya kwanza mtaa mzima ulisimama kutazama. Springi ukiipunguzia mizunguko haiwi fupi tu, inakuwa ngumu pia. Na shokapu iliyotengenezwa kwa springi ndefu sasa inaishi chinichini, kila shimo inagonga raba ya mwisho. Siku hizi jirani anapita kwenye matuta kwa mshazari, tairi moja moja, kama mtu mwenye kidonda cha unyayo.

Kosa langu lilikuwa la aina nyingine. Niliagiza shokapu nne za mtumba kutoka duka moja la Dar es Salaam, laki moja na themanini, zikaja kwa basi zimefungwa kwenye kiroba. Zilikuwa zinang'aa, nyeusi tii. Hapo ndipo ningeshtuka. Shokapu iliyotoka Japani kwenye gari la miaka ishirini na ushee, nani kaipaka rangi, na kwa nini? Wiki ya tatu zile mbili za mbele zilianza kutoa jasho la mafuta, likashika vumbi, likawa tope. Jinsi ya kuzipima nilikuja kufundishwa baadaye, pesa zikiwa zimeshakwenda: simamisha shokapu wima, ibonyeze fimbo yake mpaka chini kwa uzito wa mwili. Inatakiwa ikupinge sawasawa njia nzima, pasipo mahali inapodondoka bure. Ya gesi ukiiachia inapanda yenyewe. Kisha pitisha ukucha kwenye ile fimbo inayong'aa. Ukikwama kwenye kijishimo cha kutu, iache hapohapo, maana kutu hiyo ndiyo itakayokata sili, ile raba inayozuia mafuta yasitoke.

Nikabaki na laki saba na ishirini, na hasira. Ndipo nikaenda kwenye gereji ninayoizungumzia leo. Haina kibao. Ipo Magomeni ya hapa Mtwara, ndani kidogo, mkorosho mmoja mkubwa, shimo la kufanyia kazi lililojengewa matofali, na mashine ya presi ambayo sijui aliitoa wapi. Fundi ni mtu mzima, taulo shingoni, hasemi sana.

Nilimwambia, "Mzee, nimekuja kununua ushauri wa shokapu."

Hakujibu. Alikwenda kona ya mbele ya gari, akalikandamiza kwa mikono miwili, akaliachia. Likaruka mara moja, mbili, tatu. Akazunguka kona zote nne hivyo hivyo. Halafu akapima kwa vidole nafasi kati ya tairi na fenda, kushoto na kulia. Vidole vinne kila upande. "Springi zako ni nzima," akasema. Hili nalo watu wengi tunalikosea, tunaona gari limelala upande tunakimbilia kununua shokapu. Anayebeba gari ni springi. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka. Gari likilala, mtazame springi kwanza. Likinesa kama kitanda cha kamba, mtazame shokapu.

Kisha akatandika gunia, akaingia chini na mtaimbo mwembamba. Akaniita nichungulie. Chaser hii, kila tairi limeshikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, na kila mkono umekaa kwenye bushi za raba, zile zinazoshika maungio yake. Akaingiza ncha ya mtaimbo pembeni ya bushi ya mkono wa chini, akausukuma kidogo tu. Mkono mzima ukasogea unene wa kidole. Raba ilikuwa imechanika ikazunguka, imebaki kipande kimoja kimeshikilia, kama kandambili iliyong'oka mkanda. Akahamia kwenye ile fimbo ya mbele inayouzuia mkono wa chini usirudi nyuma. Bushi yake ilikuwa imepasuka mpaka unaona mwanga upande wa pili.

"Karani, hii ndiyo inayotetemesha usukani. Ukishika breki, gurudumu linarudi nyuma, linakwenda mbele. Diski walikuchonga bure." Akajifuta mikono. "Shokapu utafunga. Lakini ukifunga shokapu mpya kwenye mikono inayocheza hivi, utarudi hapa unanitukana."

Basi hesabu ikageuka. Bushi zote za mbele, za juu, za chini na za fimbo, laki mbili na kumi. Shokapu mbili mpya za mbele za KYB, ambazo wazee bado wanaziita Kayaba, laki tatu. Ufundi laki moja na ishirini. Za nyuma tukaziacha zilezile za mtumba, kwa sababu tulizipima na zilikuwa hazijaanza kuvuja. Nilimuuliza pia kuhusu bushi za plastiki ngumu, zile nyekundu wanazofunga watu wa mashindano. Alizijua. Alisema zinashika kweli, lakini kila kokoto utalisikia kwenye kiti, na mchanga ukiingia zinaanza kulia kama mlango wa zamani. Kwa njia ya Tandahimba mimi nikasema raba inatosha.

Siku ya kwanza ilikwisha bila bushi hata moja kutoka. Nakaa Shangani, baharini kabisa, na ule upepo wa chumvi tunaousifia jioni ulikuwa umefanya kazi yake miaka yote hiyo. Bolti za mikono ya chini zilikuwa zimeshikana kwa kutu na bomba la ndani ya bushi, kitu kimoja. Wakazimwagia dizeli zilale nazo. Asubuhi moja ilikubali, nyingine ilikatwa kwa grainda, cheche zinaruka mpaka kwenye majani makavu na kijana amesimama na ndoo ya maji. Elfu thelathini ya bolti na usumbufu, ambayo haikuwa kwenye hesabu. Ukiwa mkazi wa pwani, itie kwenye hesabu yako mapema.

Siku ya pili ndipo nilipoona kitu kilichonifanya niandike haya. Bushi mpya zimeshapigwa presi, mikono imerudishwa, gari liko juu ya jeki na matairi yananing'inia. Saidia fundi anakaza bolti, anasukuma spana kwa mguu. Mzee alikuwa anakunywa uji pembeni.

"Umekaza?"

"Nimekaza, mzee."

"Legeza zote."

Kijana akalegeza, uso umekunjamana. Wakafunga matairi, wakalishusha gari, wakalisukuma juu ya shimo mpaka likakaa kwa uzito wake. Mzee akanipandisha mimi kiti cha dereva na mteja mwingine kiti cha abiria. Akalitikisa kidogo litulie. Ndipo akaingia shimoni mwenyewe na spana, akakaza moja baada ya nyingine.

Nikamuuliza sababu. Alinionyesha kwa bushi ya zamani: raba imegandishwa na chuma cha ndani na chuma cha nje, haizunguki, inajipinda tu. Ukikaza gari likiwa linaning'inia, raba inadhani pale ndipo pa kupumzikia. Ukilishusha, imeshapindwa kabla hata hujatoka getini, na kila tuta linaipinda zaidi mpaka ichanike. Nimefungiwa bushi kwenye gereji tatu tangu nianze kumiliki magari. Hakuna aliyewahi kulishusha gari kwanza, na hakuna bushi iliyomaliza mwaka. Kila mara nililaumu bushi feki.

Wakati tunasubiri nilimwonyesha kwenye simu jinsi Wamarekani wanavyohangaika na Mustang zao za miaka ya sitini. Nyuma chini kuna springi za vyuma bapa vilivyopangwa kama vya Fuso. Mbele, ujanja wa bei rahisi unaopendwa ni kutoboa matundu mapya na kuushusha mkono wa juu kwa inchi moja, kama walivyofanya kwenye Mustang ya Shelby, GT350 ya 1965, ili gari likilala kwenye kona tairi lisimame vizuri zaidi. Gharama yake ni drili na kipimo. Mzee akatazama picha kwa makini, akakuza kwa vidole viwili, akaielewa mara moja. "Wazo zuri," akasema. "Hawa wana lami."

Sasa malalamiko, maana yapo. Aliniambia kazi ya siku moja, ikawa siku tatu, na katikati alifungua magari mengine mawili. Simu hapokei kuanzia alasiri. Risiti ni kipande cha boksi la shokapu kilichoandikwa kwa chaki. Na hana mashine ya alaimenti, ya kunyoosha matairi yaelekee sawa, kwa hiyo lazima uende kwingine, elfu arobaini. Huko nilikokwenda vijana walirekebisha mbele wakataka kunitoa. Gari hili nyuma pia linarekebishwa, waambie waanze nyuma ndipo waje mbele, na simama hapohapo mpaka wafanye. Mimi nilisimama. Waliguna, wakafanya.

Jumla laki saba kamili. Nikabaki na elfu ishirini, ikaingia petroli.

Gari sasa? Lile bati limenyamaza mbele. Usukani kwenye breki umetulia kabisa. Jumapili nilikwenda Lindi, kilometa mia na kidogo, na kwenye zile kona za Mikindani gari linaingia lote kwa pamoja, mbele na nyuma. Halijawa laini kama sofa, nawaambia ukweli. Shokapu mpya zinakaza, mashimo madogo unayasikia zaidi ya zamani kwa sababu zamani lilikuwa linaelea tu. Urefu wake ni uleule, halijalala hata nusu inchi, na kwa mtu anayelitazama limeegeshwa hakuna kilichobadilika. Kijana wa jirani aliniuliza hiyo laki saba iko wapi.

Kipimo changu ni mama mkwe. Yupo Mikindani, mgongo unamsumbua, na kila nikimpeleka hospitali alikuwa anakaa kiti cha nyuma ameshika kile kishikio cha juu kwa mikono miwili, anataja majina ya Mungu kila tukifika kwenye tuta. Safari hii alikuwa amepakata bakuli la ming'oko, vile viazi vya porini, amempelekea mjukuu. Tulipofika nyumbani akakaa kidogo kabla ya kushuka.

"Baba, leo umepita njia nyingine?"

Kazi ya nyuma bado. Linki za stabilaiza, ile fimbo inayozuia gari lisilale kwenye kona, zinalia ukipita polepole kwenye mawe, na zile shokapu za mtumba nazichungulia kila Jumamosi kama kuna jasho. Nimempigia mzee asubuhi, kabla ya alasiri, akapokea. Amesema nije na elfu hamsini ya linki, na gunia langu mwenyewe, lake limechanika.