Uzoefu wangu: Mkristo katika somo la maadili ya Kiislamu chuoni

Mimi ni Mkatoliki wa Kirumba, Mwanza, na shahada yangu ya ualimu niliisomea katika chuo kikuu cha Kiislamu. Mtaani wengi walishangaa, ingawa vijana wa Kiislamu wamekuwa wakisoma Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino pale Nyegezi bila mtu kuuliza lolote. Nawaandikia wazazi na wanafunzi wasio Waislamu wanaofikiria njia hii, hasa kuhusu somo la maadili, ambalo kwetu lilikuwa la lazima kwa wote.

Ustadhi wetu alianza kwa kutenganisha itikadi na akhlaki. Imani, alisema, kila mmoja atabaki na yake, kwa kuwa Kurani yenyewe, Sura ya 2, aya ya 256, inakataza kulazimishana katika dini. Tabia njema ndiyo atakayotudai sote. Muhula mzima nilimchunguza nione kama atalivunja neno lake, naye hakulivunja.

Kipindi kilichonigusa kuliko vyote kilihusu Sura ya 83, Al-Mutaffifin, inayowaonya wanaodai kipimo kamili wanapopokea, lakini wanapunja wanapowapimia wengine. Mama yangu anauza dagaa soko la Mwaloni, na tangu utotoni nimeona madebe yaliyobonyezwa kitako ili yachukue kidogo. Ustadhi aliniomba nilieleze darasa jinsi wizi huo unavyofanyika, kisha akauliza Biblia inasemaje, nami nikawasomea Mithali 11:1, kuhusu mizani ya hadaa. Likizo ilipofika nilikagua debe letu kabla mama hajapanga meza, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

Kasoro kubwa ilikuwa mtihani. Alama nyingi zilitolewa kwa kukariri istilahi za Kiarabu, ambazo wenzetu waliopitia madrasa walizijua tangu wadogo, huku sisi tukianzia matamshi. Hivyo mtu aliyeibia majibu ya masomo mengine aliweza kunishinda katika somo la uaminifu. Nililalamika kwa maandishi, sikujibiwa. Nadhani insha juu ya tukio la kweli la maisha ingetupima kwa haki zaidi.

Kabla ya kulipa ada, ulizeni mtihani unatungwaje, kanuni za mavazi zikoje, na kama Jumapili asubuhi ni huru kwa misa. Mdogo wangu ameomba nafasi chuo hichohicho; nimempa daftari langu, pamoja na istilahi zote nilizoziandika kwa herufi za Kiswahili.