Kamera ya mtego baada ya misimu miwili: inafaa kuhesabu kuliko kuvizia

Kamera ya mtego, yaani ile inayopiga picha yenyewe mnyama anapopita, ninayoitathmini ni ya bei nafuu, chini ya dola 100, na haitumii mtandao wa simu. Huhifadhi picha kwenye kadi, nami huifuata kadi hiyo kwa miguu kila baada ya wiki mbili. Kwa misimu miwili nimeifunga katika shamba la jirani yangu la ekari 80, kusini-magharibi mwa jimbo la Wisconsin, Marekani, ambako ayala wenye mkia mweupe hushuka jioni kutoka msituni kula mahindi na soya.

Kihisi chake hakimtambui mnyama, bali hushtuliwa na joto linalosogea mbele yake. Ndiyo maana hapo mwanzo, nilipoielekeza mashariki nyuma ya nyasi ndefu, nilikuta mamia ya picha za nyasi zikiyumba juani. Nilipofyeka, nikaigeuza itazame kaskazini na kuifunga kwa kimo cha kiuno, shida hiyo ikaisha. Picha za usiku ni za kijivu lakini zinasomeka hadi hatua ishirini hivi. Zaidi ya hapo utaona macho yanayong'aa tu. Mnyama anayekimbia huacha mkia tu pichani, kwa kuwa kamera inachelewa kidogo kufyatua. Betri za alkali zilikufa kwa baridi ya Desemba, ilhali za lithiamu zilivuka hadi Machi.

Faida yake kubwa niliipata katika kuhesabu. Picha mia nne si ayala mia nne, maana jike mmoja anaweza kupita mara tatu kwa usiku mmoja. Mtafiti wa wanyamapori Harry Jacobson na wenzake walichapisha mwaka 1997 njia ya kulitatua hilo: madume hutambulika mmoja mmoja kwa pembe zao, kwa hiyo wao ndio kipimo. Mwishoni mwa Agosti nilipata picha 48 za madume, nikatambua madume 6, yaani kila dume alipigwa picha mara 8 kwa wastani. Nikagawanya kwa 8 picha 120 za majike na 72 za ndama, nikapata majike 15 na ndama 9. Kwa hesabu hiyo mwenye shamba aliamua wawindaji wake wachukue majike zaidi na kuwaacha madume wachanga.

Sitii chumvi usahihi wake. Njia ya Jacobson hutumia mahindi kama chambo, jambo ambalo limepigwa marufuku katika kaunti nyingi za Wisconsin kwa sababu ya ule ugonjwa wa kukonda unaoua ayala, uliogunduliwa jimboni mwaka 2002. Mimi nilitega njiani pasipo chambo. Tena ayala hawajui mpaka wa shamba.

Zipo kamera ghali zaidi zinazotuma picha kwenye simu papo hapo, na muuzaji alinishawishi sana. Kwangu, kumfuata mnyama aliyekwisha kuonekana kwenye simu dakika tano zilizopita hakuna tofauti kubwa na kumfuata aliyefungwa kamba, na jimbo la Arizona limekataza kamera hizi zote kwa uwindaji tangu Januari 2022. Msimu ujao nitaongeza moja ya aina hii hii ya kadi, niifunge kwenye kivuko cha kijito, ambako nyayo ni nyingi kuliko picha nilizonazo.