Wamenibadilishia sumaku za breki za trela zilizo nzima, waya uliooza wakauacha

Nani alimfundisha yule fundi kwamba balbu ikiwaka basi waya ni mzima? Nauliza kwa sababu pesa yangu imeishia hapo, na kudharauliwa nimeongezewa bure.

Trela yangu ina magurudumu manne, breki za umeme, yaani kila gurudumu lina sumaku inayoshika dramu ili shuu zibane, niliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anahama. Ikawa nikishuka kwenda daraja la Sabaki na mifuko thelathini ya saruji, nakanyaga breki, pikapu inashika lakini trela inanisukuma kwa nyuma, yaani unasoma kila dua unayoijua.

Nikaipeleka gereji moja hapa Malindi mjini, jina nawasitiria. Fundi akakata waya wa gurudumu moja, akaunga taa yake ya kutestia, mimi nikakanyaga pedali, taa ikawaka. Kesi imekwisha. "Umeme unafika mzee, sumaku ndizo zimekufa, zote nne." Nikamwambia hebu pima na mita kwanza, hapo hapo sumaku zikiwa zimeungwa. Akaniangalia juu mpaka chini, mbele za watu, akasema "Mzee wewe endesha gari, spana niachie mimi." Vijana wake wakacheka. Mtoto namzaa yule!

Basi sumaku zikaagizwa Mombasa, trela ikakaa weee mpaka mteja wangu wa Mambrui akatafuta mtu mwingine. Naichukua, napakia, nafika Sabaki, yale yale.

Aliyenitoa ni kijana anayefunga waya za tuktuk. Gurudumu hata hakufungua. Aliinua trela kwa jeki, akavuta waya mnene kutoka hasi ya betri ya pikapu mpaka kwenye chasi ya trela, akaniambia "Baba kanyaga" huku mwenzake anazungusha magurudumu kwa mkono. Yakafunga kabisa. "Basi, athi hiyo," yaani waya wa kurudisha umeme kwenye betri, akaingia chini na kuifungua ile bolti ya athi iliyo nyuma ya plagi. Waya kwa nje unauona mzuri tu, lakini alipochuna plastiki ndani kulikuwa na unga wa kijani na nyuzi mbili tatu za shaba zinazokatika ukizigusa. Upepo wetu huu wa chumvi mnaujua.

Akanieleza, na kwa adabu: kila sumaku inakula amp 3 na ushee, zote nne zinafika kama 12, na balbu ya kutestia haifiki hata amp moja. Nyuzi mbili zinatosha kuwasha balbu, haziwezi kubeba sumaku nne, kwa hiyo sumaku inang'ang'ania dramu kivivu na shuu hazibani. Akakata waya, akaweka mpya, akapiga msasa chasi mpaka chuma kikang'aa, akafunga bolti na kupaka grisi juu. Hata asubuhi haikuisha.

Nikarudi gereji kudai sumaku zangu za zamani. Zimetupwa, yule fundi ananiambia, na mimi naziona kwenye mkebe wa oili chafu! Yule kijana wa tuktuk akazipima, zote ohm 3 na kidogo, sawa na hizo mpya. Nzima kabisa.

Kwa hiyo msiende. Ingawa haki ya Mungu beringi walizipaka grisi vizuri, shuu walizirekebisha, na trela sasa inasimama kuliko siku niliyoinunua. Na welda wao hapa mjini hana mpinzani, ukiwa na kazi ya kuchomelea nenda... ah, hapana, hata hiyo msipeleke, mtachekwa!

Mwenye gereji nilimpigia, mtu mpole, akaniomba radhi mpaka nikaanza kulegea, halafu ati atanirudishia nusu nikileta risiti. Risiti gani bwana, si nyinyi mliosema kitabu kimekwisha?