Mwongozo wa kununua treni za modeli: skeli ipi inafaa nafasi uliyo nayo

Anayetaka kujenga reli ndogo nyumbani kwa kawaida huanza kwa kupenda kichwa cha treni. Hukinunua kwa sababu ya umbo lake, hukifikisha nyumbani, kisha hugundua kwamba meza yake haina nafasi ya kona ambayo kichwa hicho kinaihitaji ili kisiache njia. Nimeona zaidi ya mradi mmoja ukikwama hapo, na ndiyo sababu mwongozo huu unakwenda kinyume cha mazoea: unaanza na kona, unapanga skeli kwa kufuata kona hiyo, na treni yenyewe inakuja baadaye.

Kona kabla ya treni

Skeli ni uwiano kati ya modeli na treni ya kweli. Katika skeli iitwayo HO, ambayo ni 1:87, sentimita moja ya modeli inawakilisha sentimita 87 za treni halisi. Upana wa njia ni jambo jingine: ni nafasi iliyopo kati ya reli mbili, ikipimwa kutoka upande wa ndani. Njia halisi ya upana sanifu ina milimita 1435, na ukigawanya kwa 87 unapata milimita 16.5, ambazo ndizo upana wa njia ya HO. Kwa hesabu hiyohiyo, behewa la abiria lenye urefu wa mita 25 huwa na sentimita 28.7 katika HO, sentimita 15.6 katika skeli ndogo ya N, na zaidi ya nusu mita katika skeli kubwa ya O.

Kona hupimwa kwa nusukipenyo, yaani umbali kutoka kitovu cha duara hadi katikati ya njia. Wajenzi wengi wazoefu hufuata kanuni kwamba nusukipenyo kiwe angalau mara tatu ya urefu wa behewa refu kuliko yote. Kona ikiwa kali kuliko hapo, ncha za behewa hutokeza nje ya njia, viunganishi huvutana kwa pembe, na behewa jepesi lililo katikati ya msafara huvutwa hadi likaangukia upande wa ndani. Kwa behewa la sentimita 28.7, mara tatu ni takriban sentimita 86, na duara lake linazidi mita 1.7, nafasi ambayo ni wachache walio nayo. Watengenezaji kadhaa hufupisha mabehewa yao kidogo ili yapite kwenye kona kali zaidi, lakini ufumbuzi wa uhakika ni kuchagua treni fupi. Behewa la mizigo lenye ekseli mbili lina urefu wa sentimita 11 hivi katika HO, na linazunguka bila taabu kwenye kona ya sentimita 36, ambayo ndiyo kona ya seti nyingi za kuanzia.

Jambo la pili la kupima ni mkono wako. Kila sehemu ya njia ni lazima ifikiwe, kwa kuwa treni ikiacha njia kwenye kona ya mbali utahitaji kuirudisha bila kubomoa stesheni iliyo njiani. Sentimita 75 ndio mwisho wa mkono wa watu wengi. Meza ya HO yenye kona za sentimita 36 huhitaji upana wa kama sentimita 90, kwa hiyo isigandamizwe ukutani bali ifikike kutoka pande mbili, au ifungwe magurudumu ili ivutwe.

Skeli kwa mpangilio wa ubora

Nafasi ya kwanza naipa HO, bila kusita, kwa mtu mwenye eneo la mita 1.2 kwa mita 2.4 au zaidi. Ndiyo skeli yenye watengenezaji wengi kuliko zote duniani, na faida yake haiishii kwenye wingi wa vichwa na mabehewa: nyumba, madaraja, taa, miti, ekseli za akiba na zana zote hupatikana kwa kipimo chake. Ni kubwa kiasi cha kutosha kushikwa na vidole vya kawaida, na ndani ya kichwa cha treni kuna nafasi ya kisimbuzi, yaani kifaa kidogo kinachopokea amri za kidijitali, na hata spika ndogo ya sauti. Uzito wake pia husaidia, kwa sababu magurudumu yanayokandamiza reli vizuri hupokea umeme vizuri. Kuna tahadhari moja tu kubwa. Ndani ya HO kuna mifumo miwili isiyochanganyika: ule wa reli mbili, ambao watengenezaji wengi wanautumia, na ule wa kampuni ya Kijerumani ya Märklin, ambao umeme wake hupita kwenye vijichomozo vidogo vilivyopangwa katikati ya mataruma. Mfumo wa Märklin ni imara na husamehe makosa ya nyaya, lakini ukiuchagua umechagua pia orodha fupi zaidi ya treni. Amua siku ya kwanza.

N inashika nafasi ya pili, na hupanda hadi ya kwanza pale ambapo urefu wa nafasi haufiki mita 2. Skeli yake ni 1:160 na upana wa njia ni milimita 9. Modeli za Uingereza hutengenezwa kwa 1:148 na nyingi za Japani kwa 1:150, lakini zote hutumia njia hiyohiyo. Kona ya sentimita 28 huonekana kali kwenye picha ya orodha ya bidhaa, ila kwa treni ya N ni ya kawaida kabisa, na ubao wa mlango mmoja wenye upana wa sentimita 80 hutosha duara kamili pamoja na stesheni ya njia tatu. Kinachonivutia zaidi katika N ni uwiano wa treni na mandhari. Kilomita moja ya kweli huwa mita 6.25, ilhali katika HO huwa mita 11.5, kwa hiyo treni ya mabehewa kumi inaweza kuonekana ikivuka bonde badala ya kujikunja ndani ya kona zake yenyewe. Udhaifu wake ni vumbi. Chembe ambayo HO huipita bila kutikisika huweza kusimamisha kichwa kidogo cha N, na kurudisha behewa njiani huhitaji macho mazuri na mkono uliotulia.

OO ni ya tatu, na ni ya wale tu wanaotaka treni za Uingereza. Maumbo yake ni ya 1:76 lakini njia ni ileile ya milimita 16.5 ya HO. Mkanganyiko huo ulitokana na historia: treni za Uingereza ni nyembamba kuliko za bara la Ulaya, na mota za miaka ya 1930 hazikuenea ndani ya modeli zake za 1:87, basi maumbo yakakuzwa na njia ikaachwa ilivyo. Kwa mnunuzi, matokeo yake ni mema, kwani reli na pointi za HO, yaani mahali njia inapogawanyika, humfaa. Asichanganye tu mabehewa ya skeli hizo mbili katika msafara mmoja, kwa sababu tofauti ya kimo huonekana mara moja.

TT, yenye 1:120 na njia ya milimita 12, iko katikati ya HO na N, na kwa hoja ya kona pekee ingestahili nafasi ya pili. Imekuwa na mizizi kwa muda mrefu mashariki mwa Ujerumani na nchi jirani, na mwaka 2022 kampuni ya Kiingereza ya Hornby ilitangaza treni za Uingereza kwa skeli hiyo. Naiweka ya nne kwa sababu chaguo bado ni chache, na mjenzi anayeanza huhitaji kupata kipuri leo, si baada ya kungoja.

O ni ya tano. Njia yake ina milimita 32, na skeli hubadilika kwa nchi: 1:48 Marekani, 1:43.5 Uingereza na Ufaransa, 1:45 Ujerumani. Duara kamili la treni ndefu linadai chumba kizima. Hata hivyo, mwenye rafu ya mita 3 anaweza kujenga yadi ndogo ya kupanga mabehewa bila kona hata moja, na kwa mtu anayependa kuchonga maelezo madogo, hakuna skeli inayolipa juhudi kama hii. Anayenunua O ya Lionel, kampuni ya Marekani, azingatie kwamba kona zake hutajwa kwa kipenyo, tena kwa inchi: O-36 ni duara la sentimita 91 kutoka upande hadi upande, si nusu yake.

G, yenye njia ya milimita 45, ilienezwa na chapa ya Kijerumani ya LGB tangu 1968 na kwa asili ni ya bustanini. Ndani ya nyumba hujaza chumba haraka. Z ni ya mwisho, ingawa ni nzuri mno kutazama: 1:220, milimita 6.5, iliyoletwa na Märklin mwaka 1972, na kona yake ya sentimita 14.5 huingia ndani ya sanduku la safari. Ni ya mtu ambaye ameshajenga reli nyingine na anajua namna ya kuitunza safi.

Reli ni ununuzi mkubwa kuliko kichwa

Hapa ndipo ningemshauri mnunuzi atumie fedha zake nyingi. Reli za kuanzia ni za aina mbili: zile zilizounganishwa na tuta la plastiki, kama Unitrack ya kampuni ya Kato na njia ya C ya Märklin, na zile za kupinda kwa mkono, ambazo huja kwa vipande vya karibu mita moja na hukatwa kwa msumeno mdogo. Kwa mjenzi wa mara ya kwanza naziweka mbele zile za tuta, kwa sababu huungwa na kufunguliwa mara nyingi bila kulegea, na mpango ukionekana mbaya unabadilishwa jioni hiyohiyo. Za kupinda ni bora kwa mradi wa pili, wakati mkono umeshazoea, maana hutoa kona laini zinazobana polepole kama za reli halisi. Mifumo ya tuta ya kampuni tofauti haiungani moja kwa moja, basi usinunue vipande vya mbili kwa kuwa tu upana ni ule mmoja.

Tazama pia metali yenyewe. Aloi ya shaba, zinki na nikeli ndiyo ya kununua. Kwa Kiingereza huitwa "nickel silver", yaani fedha ya nikeli, ingawa haina fedha ndani yake, na utando unaojitokeza juu yake hauzuii umeme sana. Reli za chuma hushika kutu, na za shaba nyekundu au ya manjano hufanya utando unaozuia umeme na kudai kusuguliwa mara kwa mara. Kampuni ya Bachmann, kwa mfano, huuza E-Z Track ya HO yenye tuta jeusi kwa reli za chuma na yenye tuta la kijivu kwa reli za aloi ya nikeli, na tofauti hiyo ndogo ya rangi inastahili kuangaliwa kabla ya kulipa.

Pointi zisinunuliwe kwa kutafuta unafuu. Pointi za bei ya chini mara nyingi zina kipande kirefu cha plastiki pale reli zinapokatizana, na kichwa kifupi chenye magurudumu manne husimama juu yake kwa kukosa umeme. Chagua zile ambazo sehemu hiyo ni ya metali na inaweza kupewa umeme.

Umeme na usukani

Mkondo mnyoofu wa volti 12 ndio njia ya zamani: umeme ukiongezeka, treni huongeza mwendo, na kila treni iliyo kwenye njia hutii kwa pamoja. Kwa treni moja inatosha kabisa. Kuanzia treni mbili, mfumo wa kidijitali wa DCC unaupita kwa mbali, kwa sababu njia hupewa umeme wakati wote na kila kichwa, kwa kisimbuzi chake chenye namba, husikiliza amri zake peke yake. Viwango vya DCC vilisanifiwa na chama cha Marekani cha NMRA katika miaka ya 1990, hivyo kisimbuzi cha kampuni moja hufanya kazi na kituo cha amri cha nyingine. Asiyekuwa tayari kwa gharama hiyo anunue vichwa vyenye soketi ya kisimbuzi, aviendeshe kwa mkondo mnyoofu kwa sasa, na avibadili baadaye bila kulehemu. Mpango wenye njia inayojirudia kama kitanzi huleta shoti katika mfumo wa reli mbili, na huhitaji kifaa maalumu cha kugeuza umeme.

Seti, vipande, au vilivyotumika

Seti ya kuanzia ndiyo chaguo langu la kwanza, kwa sharti kwamba reli zake ni za aloi ya nikeli na ni za mfumo utakaoendelea kuununua. Kununua kipande kwa kipande ni kwa anayejua tayari anachokijenga. Vilivyotumika huja vya tatu, si kwa kuwa ni vibaya, bali kwa kuwa hudai jicho: vichwa vya zamani, hasa vya kabla ya Vita Kuu ya Pili, vinaweza kuwa na aloi ya zinki iliyochafuliwa kwa risasi, ambayo huvimba, hupasuka na mwishowe humomonyoka. Ukiona nyufa nyembamba kwenye chasi au magurudumu yaliyopinda bila kugongwa, kiache.

Ununuzi wa kwanza ninaoupendekeza ni duara moja refu la reli, pointi mbili, kidhibiti, kichwa kifupi chenye ekseli nne na mabehewa manne mafupi ya mizigo. Yatandike juu ya plaiwudi bila gundi, uyaendeshe wiki nzima mbele na nyuma, na weka alama ya penseli kila mahali treni inapoacha njia. Kiungo kilichoinuka nusu milimita hakionekani kwa macho, lakini magurudumu hukipata, na ni rahisi kukirekebisha kabla kokoto hazijamwagwa.