Mzabibu wa chunguni kwa kivuli cha roshani: tathmini ya mnunuzi wa Mjini Unguja

Kitalu kimoja cha miche, nje kidogo ya Mji wa Unguja, huuza mizabibu iliyokwisha kupandwa kwenye vyungu vikubwa, na mwenyewe huinadi kuwa ni pazia la majani na zabibu za kula kwa pamoja. Ahadi ya kwanza imetimia kwa kiasi cha kuridhisha. Ya pili mnunuzi aisamehe mapema.

Mche niliouziwa ni wa Makutupora, zabibu nyekundu ya Dodoma, ambako mvua ya mwaka ni takriban milimita 600, ilhali Unguja hupata zaidi ya 1,500 baina ya masika na vuli. Tofauti hiyo ndiyo asili ya maradhi yake. Ubwiri vinyoya, ugonjwa wa kuvu wa majani, hauambukizi mpaka jani liwe limelowa, kwa hiyo chungu kilichokaa chini ya paa la roshani husalimika zaidi kuliko kilichoachwa wazi juu ya zege. Ubwiri unga hauhitaji jani kulowa. Hustawi penye unyevu wa hewa, kivuli na upepo uliotuama, na huo ndio ulionisumbua. Salfa ya unga na kupunguza majani ya ndani vimeudhibiti, ingawa haukutoweka.

Unguja iko nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, hivyo jua la adhuhuri husimama karibu na utosi na paa la roshani hulizuia bila msaada wa mmea wowote. Linaloingia ndani ni la alasiri. Uchanja uliosimama wima upande wa magharibi, basi, una faida kubwa kuliko wa kutandazwa juu, nao ndio mafundi wa kitalu huufunga nyumbani kwa mteja kwa fito na kamba za usumba, kazi waliyoifanya kwa uangalifu unaostahiki sifa. Kwa kuwa hapa hapana baridi ya kuupukutisha, mzabibu hubaki na majani mwaka mzima, lakini usipopogolewa hukimbilia kurefuka nchani na kuacha chini pakiwa utupu.

Kasoro kubwa imo katika udongo. Mchanganyiko wao una makumbi mengi, jambo jema kwa kuhifadhi maji, ila makumbi yetu mara nyingi hufukiwa pwani yaoze katika maji ya bahari, na mzabibu hauvumilii chumvi. Kingo za majani zilikauka na kugeuka kahawia, na hali haikutengenea mpaka chungu kilipomiminiwa maji matamu kwa wingi, mara kwa mara, yakatokea matunduni. Kuyaosha makumbi kabla ya kuyachanganya ilikuwa kazi ya kitalu, si ya mteja. Mwenye kisima cha maji ya chumvichumvi, au roshani inayopigwa na manyunyu ya bahari, simshauri anunue. Bogenvilia itamfaa zaidi. Chungu cheusi cha plastiki nacho kikataliwe, maana wakati wa kaskazi huchemsha mizizi.

Bei ni karibu mara tatu ya mche wa pasheni, ambao hufunika roshani upesi zaidi lakini huchakaa baada ya miaka michache. Upogoaji wa kwanza umo ndani ya bei hiyo. Unaofuata hulipiwa, na anayejua kushika mkasi hana haja nao.