Mifuko ya Kinga Njaa kwenye unyevu wa Tanga: uzoefu wangu na akiba ya mahindi

Nakaa Ngamiani, na kila baada ya mavuno naleta mahindi kutoka Handeni ya kulisha nyumba mpaka msimu mwingine. Naweka punje, siweki unga. Dona likishasagwa, mafuta ya kiini huanza kuchacha na haichukui muda ugali unakuwa mchungu. Punje nzima, ikiwa kavu na haina mdudu, inakaa hata miaka.

Shida ni huyo mdudu. Fukusi tumemzoea, ila dumuzi ni balaa lingine. Asili yake ni Amerika ya Kati, akaingia nchini mwishoni mwa miaka ya 1970 na kugundulika upande wa Tabora. Akiingia kwenye gunia la kawaida, baada ya miezi michache unachota vumbi na makapi. Dawa ya unga inasaidia, lakini watoto wangu wanapenda makande na mimi sina raha kuchanganya dawa na chakula chao. Ndipo nikahamia kwenye mifuko ya Kinga Njaa, ambayo inatengenezwa hapa hapa Tanga.

Mfuko mmoja ni mitatu: mifuko miwili mizito ya plastiki ndani, na kiroba cha kufuma nje. Teknolojia yenyewe ilianzia kwenye kunde za wakulima wa Kameruni miaka ya 1980, ikifanyiwa kazi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani. Hakuna dawa ndani. Wadudu walioingia na mahindi wanapumua hewa iliyobaki mpaka oksijeni inapungua. Wanaacha kula, hawazaliani, mwishowe wanakauka na kufa. Nilipofungua wa kwanza, dumuzi wachache walikuwa juu juu, wakavu, wanapeperuka ukipuliza. Chini yao mahindi yaling'aa, na yalikuwa na harufu ileile ya siku nilipoyafunga.

Sasa lililo zito, hasa kwa sisi wa pwani: kukausha. Mfuko usiopitisha hewa haupitishi unyevu pia, kwa hiyo mahindi mabichi yatavunda humo humo na kuleta sumukuvu. Sumu hiyo haitoki kwa kupika wala kusaga, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mahindi yanatakiwa yawe chini ya asilimia 13.5 ya unyevu. Mimi naanika kwenye turubai, kamwe si chini, na jua likianza kushuka nafunika kabla upepo wa bahari haujayarudisha maji. Halafu napima kwa chumvi: chupa kavu ya kioo, mahindi kidogo na chumvi kavu, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikiganda ukutani, bado. Isipoganda nayo usikimbilie kufunga, maana chumvi inakamata tu unyevu unaozidi kama asilimia 15. Mimi huyaanika tena jua kali ndipo nafunga. Mwenye kipimo cha mashine akikupimia, bora zaidi.

Kufunga kunataka watu wawili. Jaza kidogo kidogo ukishindilia, kamua hewa ya juu, sokota shingo ya mfuko wa ndani kabisa, ikunje, funga kamba kwa nguvu. Kisha wa pili, kisha kiroba. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta.

Kasoro zipo. Panya alinitoboa mfuko mmoja pembeni, na tundu dogo tu linatosha kuharibu kazi yote. Muuzaji mmoja wa mjini aliniuzia mfuko wenye plastiki moja tu ndani kwa bei ya kamili, kwa hiyo fungua na uhesabu kabla hujalipa. Na ule wa kilo 100 haufai kuchota kila siku, kwa sababu kila ukifungua unaingiza hewa mpya. Kwangu mmoja ndio wa kula, mingine haiguswi mpaka huo uishe. Familia ndogo ichukue ya kilo 50.

Bei iko juu ya kiroba cha kawaida mara kadhaa, lakini usipotoboka unautumia zaidi ya msimu mmoja. Kabla ya kujaza tena naupuliza kama puto na kuusikiliza kama unavuja. Uliotoboka naweka mkaa. Kwa mahindi ya kula nyumbani naupa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja naikata kwa ajili ya panya.