Fenobabitoni kwa mbwa mwenye kifafa: tathmini baada ya miezi 14

Mbwa wetu, Bosi, alianguka kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka mitatu. Ilikuwa usiku wa manane, na kilichotuamsha ni kucha zake zilizokuwa zikikwaruza sakafu. Tulimkuta amelala ubavu, miguu ikipiga kama ya mbwa anayekimbia, povu likimtoka mdomoni na mkojo umetapakaa chini yake. Degedege lilikoma baada ya dakika mbili hivi, lakini kwa karibu saa nzima alizunguka sebuleni akijigonga kwenye viti, asimtambue yeyote kati yetu.

Vidonge ninavyovitathmini hapa, fenobabitoni, ni dawa ileile ya kifafa cha binadamu iliyoanza kutumika mwaka 1912. Daktari wa mifugo hakumwandikia siku ile, na ninamshukuru kwa hilo. Alianza kwa kuuliza kama Bosi amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, kama ameogeshwa kwa dawa ya kupe au huenda amekula sumu, kisha akapima sukari, kalsiamu na hali ya ini, kwa kuwa degedege ni dalili, na chanzo chake kinaweza kuwa nje kabisa ya ubongo. Vipimo havikuonyesha kasoro. Bosi alipoanguka tena mara mbili ndani ya miezi miwili ndipo akaanzishiwa dawa: kwa uzito wake wa kilo 24, vidonge viwili vya miligramu 30 kila baada ya saa 12.

Wiki mbili za mwanzo zilitutia hofu. Alipepesuka miguu ya nyuma, alilala kutwa, alimaliza bakuli la maji na kurudi kulilamba likiwa tupu. Kupepesuka kuliisha, njaa haijaisha hadi leo, na tusingekuwa tunampimia chakula kwa kikombe angenenepa kupita kiasi. Kiwango cha dawa katika damu kilipimwa baada ya wiki ya tatu, na sasa hupimwa pamoja na ini kila miezi sita, kwa sababu ini ndilo linaloweza kudhurika. Vidonge vyenyewe ni vya bei nafuu; gharama iko kwenye vipimo.

Katika miezi yote hii degedege limerudi safari mbili tu, na ya pili haikuwa kosa la dawa. Duka tulilolizoea liliishiwa, mwuzaji akatuhakikishia kwamba siku mbili bila vidonge si neno. Ni neno kubwa: jioni ya siku ya pili Bosi alianguka mara tatu mfululizo, la mwisho likapita dakika tano, muda ambao ukifika ni wa kumkimbiza mbwa kwa daktari bila kungoja. Alichomwa sindano ya diazepamu ndipo akatulia. Dawa hii haikatizwi ghafla. Hata kuipunguza ni kwa hatua, na daktari ndiye anayeamua.

Ninaipa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeiondoa kwa ajili ya ini na ile njaa, kwa maana inaniuma kumwona Bosi amesimama mbele ya bakuli ambalo amelimaliza dakika tano zilizopita.